Zedi Mbili

Ukutani mwa ghala la zamani, upande unaotazama barabara ya kwenda stesheni, kulikuwa na herufi tatu kubwa za rangi ya bluu iliyochakaa: J, A, Z. Baada ya hapo plasta ilibanduka miaka mingi kabla sijazaliwa, pakabaki matofali matupu. Mtaa mzima ulilimalizia neno hilo kichwani: Jaza. Ungelimalizia vipi vingine? Kila mavuno matrekta ya mpunga yalipanga foleni pale, vijana wakajaza magunia, wakayashona, wakajaza mengine. "Nishushe Jaza," unamwambia dereva wa bajaji, naye hakuulizi tena. Darasa la tatu niliandika kwenye insha kwamba kwetu ni nyuma ya Jaza, mwalimu akanipa vema kubwa.

Babu peke yake hakuwahi kulitamka jina hilo. Yeye alisema "ukumbini". Anaaga, "Nafika ukumbini kwa fundi baiskeli," na sisi tunatazamana. Tulidhani ni uzee.

Haya nayaandika kwenye kaunta buku lililokuwa la Jiografia. Nimezoea kuandika kwa sababu kusema kunanishinda. Darasani nikisimamishwa kusoma, sauti inatoka nyembamba, halafu inakatika. Tulipokuwa kidato cha kwanza msichana mmoja alisema, "Jamani, washeni feni, kuna mbu," darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo mimi ni Mbu. Sasa niko kidato cha tatu. Nimeliitikia jina hilo muda wote huo, maana kulikataa kungenilazimu kuongea.

Mambo yenyewe yalianza likizo ya Juni. Mama mwenye ghala alikuwa amemaliza kujenga ghala jipya karibu na mashine za kukoboa, kando ya lami, na kwa mara ya kwanza mavuno yakatukuta Jaza ikiwa tupu. Akatangaza kwamba la zamani atalipaka rangi liwe ukumbi wa harusi na mikutano, na ufunguzi ungekuwa Jumamosi ya wiki ya tatu. Alikuja nyumbani mwenyewe kumwalika babu. Marehemu baba yake alikuwa mtani wa babu, kwa hiyo mama huyo alirithi ghala na utani, vyote viwili.

"Shikamoo, mzee wa ukumbini."

"Marahaba. Umekuja kuomba mchele? Hapa leo tunakula viazi."

"Nimekuja kukualika, mzee wangu. Fundi wa maandishi yuko tayari, ataandika vizuri kabisa: UKUMBI WA JAZA. Watu wameshalizoea."

Babu aliweka kikombe chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia.

"Siyo Jaza," alisema. "Jazz. Zedi mbili. Bendi yetu ndiyo iliyoandika pale. Ngazi niliishika mimi."

"Bendi! Nani aliiona?"

"Baba yako alicheza mpaka soli ya kiatu ikabaki ukumbini."

"Baba yangu? Hata kwenye harusi yake hakucheza."

"Ndiyo maana soli ilibaki. Hakuwa amezoea."

Mama mwenye ghala alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho na kusema lile neno lililotunyima usingizi wiki mbili nzima: "Haya. Siku ya ufunguzi pandeni jukwaani mpige wimbo mmoja. Wa kwenu, siyo wa kuokota redioni. Mwanzo mpaka mwisho. Mkiumaliza, fundi anaandika Jazz, hata zedi tatu ukitaka. Mkishindwa, inaandikwa Jaza, na wewe ndiye utakayekata utepe huku unatabasamu."

"Weka ngazi tayari," babu akasema.

Alipoondoka, babu alianza kunisimulia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakusanya vikombe. Enzi za ujana wake karibu kila mji ulikuwa na bendi ya dansi, na nyingi zilijiita Jazz. Ukiwa na gitaa tatu na ngoma za tumba, wewe ni Jazz. Ila kila bendi ilipaswa kuwa na mtindo wake, na mtindo uwe na jina, la sivyo watu walikuona unapiga kelele tu. Mtindo wa bendi yao uliitwa Toa Chuya. Chuya ni zile punje zenye maganda zinazobaki kwenye mchele uliokobolewa, unazitoa kwa kidole huku umeulaza ungo. Basi wachezaji walisogeza mguu mbele na kuusukuma pembeni, tap, kama kidole kinavyotupa chuya. Jumapili mchana lilikuwapo bugi, dansi la vijana. Walitoka Mkula, walitoka hata mbali zaidi, kwa baiskeli, viatu vimening'inizwa kwenye usukani ili visipate vumbi. Wanavivaa mlangoni.

"Wimbo wenu unaitwaje?" nikauliza.

"Ulikuwa Toa Chuya huohuo. Tulipanda treni tukaenda Dar kuurekodi. Redio waliupiga mara chache, halafu utepe ukapotelea hukohuko."

Niliutafuta kwenye simu mpaka bando likaisha. Haumo.

Waliobaki hai ni watatu. Babu alipiga gitaa la besi. Aliyepiga gitaa la rizimu ni mzee mmoja wa Sanje ambaye siku hizi ana genge la ndizi barabarani, chini ya milima. Wa tumba yuko Namawala, mkulima wa mpunga, na nyumba yake watafiti wa malaria wameitegea mitego ya mbu tangu hana mvi. Niliwapigia simu mimi, yaani niliandika ujumbe, mama yangu akapiga akausoma. Wote wawili walijibu kitu kimoja: "Lini?"

Aliyepiga solo alifariki zamani, na mwimbaji pia. Hapo ndipo shida ilipokaa, maana wimbo ule ulianza na solo peke yake, gitaa moja likiongea, na kila baada ya ubeti uliirudia solo ileile. Mashairi waliyakumbuka, wangeyaimba wote kwa pamoja. Besi, rizimu na tumba, kila mtu alikuwa na yake mkononi. Solo hakuna aliyekuwa nayo.

Mazoezi yalianza ndani ya ghala lenyewe. Kwa kuwa magunia yalishahamishwa, lilionekana jukwaa la saruji ambalo miaka yote lilikuwa chini ya mpunga, na sakafu nyekundu iliyolika katikati, mahali pamoja pana, palipolainishwa na miguu. Nilivua kandambili nikapakanyaga. Kwaya ya parokia ilituazima gitaa na spika, na vyombo vililetwa na mwalimu wangu wa hesabu, ambaye Jumapili hupigia kwaya gitaa. Nilipomwona mlangoni nilitamani magunia yangekuwapo nijifiche nyuma yake.

"Niambieni solo inavyokwenda," alisema, "nami nitaipiga."

"Ilikuwa inapanda," akasema mzee wa Sanje.

"Ilikuwa inashuka!" akasema wa Namawala.

"Ilipanda kisha ikashuka."

"Hata treni inapanda kisha inashuka. Mwalimu atapiga treni?"

"Na wewe mtu wa tumba, solo umeijulia wapi?"

"Nilikaa nyuma yake! Nimetazama mgongo wa marehemu miaka yote."

"Basi mpigie mwalimu huo mgongo."

Mwalimu alijaribu hiki na kile. Kila alichopiga kilikuwa kizuri, na kila mara wazee walitikisa vichwa. Wakaenda hivyo siku tatu. Babu hakuchangia lolote kuhusu solo. Alisema haikumbuki hata kidogo, na jinsi alivyolisema hilo, haraka na kutazama pembeni, nililiona, lakini sikulielewa.

Siku ya nne ilikuwa ya mapumziko. Babu alikaa sebuleni akifanya mazoezi kwa lile gitaa la besi la kwaya, bila spika, nyuzi zikilia kwa chini. Mimi nilikuwa uani napepeta mchele wa jioni.

Kupepeta nilifundishwa na bibi. Ni miaka mitatu tangu afariki. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu. "Mke mwenzangu, ungo hauendi kwa nguvu. Unaenda kwa wimbo." Na wimbo wake haukuwa na maneno, ulikuwa ti-ri-ri tii, ti-ri tii tu, wa puani, ungo ukipanda na kushuka nao, na mwishoni pana kitu kama kujikwaa, pale anapotupa chuya. Nilijua ni wimbo wa kupepetea wa kwao, upande wa Mahenge. Sikuwahi kujua nikipepeta nauimba. Mikono ikianza, pua inafuata.

Basi napepeta, na babu anapiga. Ghafla nikahisi besi inanijibu. Nikanyamaza, besi ikawa kama mtu anayeongea peke yake. Nikaanza tena, ikakaa. Niliporudi mwanzo wa wimbo, nayo ilirudi mwanzo. Nilishika ungo hewani, mchele umejaa.

Besi ikakoma. Babu alitokea mlangoni.

"Acha hiyo," alisema.

Babu hajawahi kuniambia neno kwa sauti ile. Akachukua kofia yake akatoka. Na hapo nikakumbuka. Bibi alipokuwa hai, kila alipoketi kupepeta na kuanza ti-ri-ri, babu alichukua kofia akaenda kwa fundi baiskeli. Kila mara. Sisi tulisema ni pumba, zinamkohoza.

Nitasema ukweli maana daftari ni langu. Wimbo wa bibi ndio uliokuwa solo iliyopotea; niliijua na sikusema. Jumatatu sikusema, Jumanne sikusema. Nilijiambia namheshimu babu, amekataza. Siyo kweli. Niliogopa kwamba nikisema watasema, "Haya, imba," mbele ya mwalimu wa hesabu, na sauti itatoka vile inavyotoka.

Jumatano niliwapelekea chai ukumbini. Nilimkuta mzee wa Sanje anaingiza gitaa lake kwenye mfuko wa salfeti.

"Tumwache mama mwenye ghala aandike Jaza," alikuwa akisema. "Tumezeeka, jamani. Siyo aibu."

Mzee wa Namawala hakubisha. Babu alikuwa ameinama, anafuta besi kwa kitambaa, anafuta mahali palepale. Sijui nieleze vipi. Nimemwona babu msibani, nimemwona mgonjwa. Hivi sikuwahi kumwona.

"Ninaijua," nikasema.

Wazee hawakusikia. Mwalimu aliyekuwa karibu na mimi ndiye aliyegeuka. "Umesema?"

"Solo. Ninaijua mimi. Ila siwezi bila ungo."

"Bila nini?" mzee wa Namawala akauliza.

"Ungo."

"Nimepiga na watu wasioweza bila bia," akasema. "Wa ungo ndiye wa kwanza. Ulete huo ungo, mtoto!"

Nilikimbia nyumbani, nikauchukua na mchele wake, nikarudi. Babu alikuwa ameinua kichwa. Nikaketi kwenye ngazi ya jukwaa, nikawapa mgongo wote, nikatazama ukuta. Mikono ikaanza. Mchele ulipanda, ukashuka, pumba zikaruka, na pua ikafuata. Mara ya kwanza ilikatika. Mara ya pili nilimfikiria bibi, nikaenda nayo mpaka kwenye kujikwaa kule, nikatupa chuya, nikarudi mwanzo.

Nyuma yangu tumba ikagusa, kwa vidole tu. Kisha nikasikia salfeti inafunguliwa na rizimu ikaingia. Besi haikuingia.

Nilipogeuka, mzee wa Sanje alikuwa amesimama na machozi wazi usoni. "Huyo ni yule binti," alisema.

"Binti gani?" babu akauliza.

"Wa uani! Aliyekuwa anakaa kwa mjomba wake, nyuma ya ukumbi. Si alikuwa anapepeta kila jioni tukiwa mazoezini? Marehemu alikuwa anaacha gitaa anasogea dirishani. Kasikiliza mwezi mzima. Solo yote kaitoa kwenye ungo wa yule binti, na jina la mtindo kalitoa hukohuko. Wewe ulijiunga baadaye, ukaukuta wimbo tayari."

"Yule binti ni mke wangu," babu akasema.

"Najua ni mke wako. Nilikula pilau ya harusi."

Babu aliiweka besi chini taratibu. "Mimi nilidhani wimbo ni wa marehemu," alisema. "Miaka yote, ndani ya nyumba yangu, anapepeta na kuimba solo ya mwanamume mwingine. Nikajua ndiye aliyemtaka, akanipata mimi."

Mwalimu alitazama viatu vyake.

"Ulimuuliza?" mzee wa Sanje akasema.

"Nilichukua kofia."

"Ndugu yangu," akasema mzee wa Namawala, "yaani umemwonea marehemu wivu kwa wimbo wa mke wako mwenyewe."

Nilidhani babu atakasirika. Alianza kutikisika mabega, nikaogopa, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha gitaa, akacheka tena. Kisha akaniita, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama ananipima homa. "Rudia," alisema. "Na safari hii usitazame ukuta."

Nilirudia. Nilitazama magoti yangu, lakini siyo ukuta. Besi ikaingia.

Mwalimu alitoa kalamu aandike kwa do re mi kama wanavyoandika kwaya. Aliniimbisha kipande kwa kipande, na wala hakucheka. Akafika kwenye kujikwaa akakwama. "Hapa katikati ya fa na so mna kitu," alisema. "Nota yake sina."

"Hapo ndipo unapotupa chuya," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. Akaubana uzi, akausukuma pembeni kwa kidole, tap, na sauti ikajikwaa palepale panapotakiwa. Wazee watatu wakapiga kelele kwa pamoja kama mpira umeingia golini. Mimi nilimwelekeza mwalimu wa hesabu, naye akapata! Nililiandika hilo jioni nikalipigia mstari mara mbili.

Ijumaa babu alikuja na jambo jingine. Wimbo uanze kama ulivyoanza kweli, alisema: ungo kwanza, halafu gitaa.

Nikakataa. Nilikataa kwa kichwa, kwa mikono, na nadhani hata kwa miguu.

"Sikuombi uimbe," alisema. "Nakuomba upepete. Kupepeta si unaweza?"

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Kuta zilikuwa nyeupe mpya, na nje, juu ya mlango, palikuwa peupe pasipo neno. Ngazi ilikuwa imeegeshwa pale, na fundi wa maandishi ameketi kwenye ndoo, brashi mapajani, anasubiri kama wengine. Walikuja wazee wa Mkula na Sanje, akina mama wa kwaya, watu wa msikitini, na darasa langu karibu lote, kwa sababu kila kitu cha bure darasa langu huja.

"Mbu! Mbu yuko jukwaani!" nikasikia. Kisha wengi, "Mbuuu!"

Mzee wa Namawala aliinamia kwangu kutoka kwenye tumba. "Wanakuita mbu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbu wa kwetu Namawala wanafuatwa na watu wenye digrii, wanahesabiwa mmojammoja. Hawa wenzako kuna aliyewahi kuja kuwahesabu?"

Nilicheka. Pale pale mbele ya watu wote, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na ungo mapajani. Na kicheko hicho ndicho kilichonivusha, maana kilipoisha mikono ilikuwa imeshaanza.

Mwalimu alikuwa ameshusha maikrofoni mpaka karibu na ungo. Mchele uliporuka na kuanguka, spika zilitoa sauti kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ukumbi ukanyamaza. Nilisikia sauti ya bibi inatoka puani mwangu, nyembamba vilevile, lakini spika ziliichukua mpaka mlangoni na kuirudisha. Haikukatika. Nilifika kwenye kujikwaa, nikatupa chuya, na kabla punje haijagusa sakafu gitaa la mwalimu lilishika wimbo palepale nilipouachia. Rizimu, tumba. Kisha babu.

Sijawahi kumwona babu vile. Alisimama wima, kofia kichwani, vidole vinatembea, na hakutazama nyuzi. Alinitazama mimi na ule ungo, na kila wimbo uliporudi mwanzo aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia.

Kwanza hakuna aliyecheza. Kisha bibi mmoja wa Mkula, mgongo umepinda kabisa, alimpa mjukuu fimbo ashike. Akasogea katikati, kwenye ile sehemu iliyolika, akanyoosha mguu mbele, akausukuma pembeni. Tap. Mwenzake akamfuata. Baada ya ubeti wa pili walikuwa kumi, ishirini, mistari miwili inatazamana, na vijana nyuma wanaiga, wanagongana, wanacheka. Yule msichana wa feni alikuwa mstari wa mbele. Anatupa chuya vibaya, mguu unapiga watu. Nilimwonyesha kwa kichwa: pembeni, siyo mbele. Akarekebisha.

Mama mwenye ghala alijizuia mpaka solo ya mwisho. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika juu mkononi, akaingia. "Baba alikosea kuingia na viatu!" alimpigia babu kelele. "Mimi soli yangu haibaki hapa!"

Wimbo ulifika mwisho. Wote wanne waliacha kwa pamoja, kama walivyokubaliana, na ikabaki sauti ya ungo peke yake, mara tatu, kisha nikaulaza. Vigelegele vilivyofuata nilivisikia mgongoni, kifuani, hata kwenye meno. Mzee wa Sanje aliniinulia mkono juu kama bondia. Babu alichukua maikrofoni, na babu siyo mtu wa maneno. Alitaja jina la bibi, lote, na la baba yake bibi. "Wimbo ni wake," alisema. "Sisi tuliuazima tu kwake." Akamrudishia mwalimu maikrofoni.

Watu wote walitoka nje kumtazama fundi. Tayari alikuwa ameandika UKUMBI WA, na sasa alikuwa juu ya ngazi, babu ameishika chini kama alivyoishika ujanani. J. Watu wakashangilia kama ni goli. A. Wakashangilia. Z. Fundi akasimamisha brashi, akageuza shingo.

"Zedi ngapi?"

"Moja!" mtu akapiga kelele, na wengine wakacheka wakaitikia, "Weka A! Jaza! Sisi tumeshazoea Jaza!" Ulikuwa utani, lakini fundi hakuwa mtu wa hapa, na brashi ilikuwa imeshaanza kusogea kwenye ukuta. Mama mwenye ghala alikuwa mbali, anavaa viatu. Babu alifungua mdomo lakini pumzi yote alikuwa ameimalizia kwenye besi. Akanitazama.

"Zedi mbili," nikasema.

Fundi aliweka kiganja sikioni. "Eti?"

Nilikuwa bado na ungo mkononi. Niliubana kifuani, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa.

"ZEDI MBILI!"

Ilitoka kubwa kiasi kwamba mbwa wa fundi baiskeli aliamka. Watu wakageuka wakitafuta ni nani. "Ni Mbu," nilimsikia yule msichana wa feni akisema, siyo kwa kucheka, kama mtu anayejibu swali. Fundi aliitikia kwa kichwa, akachovya brashi kwenye kopo la bluu, akaandika ya pili.